Kuhama PostgreSQL 12: dampo, diski na basi la Mokowe

Swali kutoka Malindi: Assalamu alaikum. Mimi ndiye ninayeangalia mitambo ya duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Malindi. Tuna ghala jingine Mokowe linalohudumia Lamu. Mauzo ya pande zote mbili huingia kwenye seva ya Malindi, PostgreSQL 12 (programu ya hifadhidata) juu ya Ubuntu 20.04, hifadhidata ya GB 60 hivi. Mokowe tuna replika ya kusoma tu kwa ajili ya ripoti. Nimeambiwa toleo la 12 halihudumiwi tena. Nihamie lipi, kwa njia gani, na hiyo replika niifanyeje, maana intaneti ya huko ni ya kubahatisha? Tunafunga Jumamosi saa 12 jioni na kufungua Jumatatu saa 1 asubuhi.

Jibu: Waalaikum salaam. Nikupe jibu lenyewe kwanza, sababu zifuate. Hamia toleo la 18, kwenye mashine mpya yenye Ubuntu 24.04, kwa dampo la `pg_dump`, yaani kuitoa data yote na kuimimina upya, wala si kwa `pg_upgrade`, inayochukua faili za data zilivyo. Ifanye kazi hiyo usiku wa Jumamosi. Replika ya Mokowe iandae hapo hapo Malindi kwenye diski ya nje, kisha diski ipande basi. Una saa 37 za duka kufungwa. Mwenye nafasi kama hiyo hana haja ya kujitia kwenye njia za watu wanaopewa dakika 5.

Toleo la 12 lilitoka Oktoba 2019 na rekebisho lake la mwisho, 12.22, lilitoka Novemba 2024. Tangu hapo tundu la usalama likigunduliwa, wewe hutengenezewi. Kila toleo kubwa hupewa miaka 5: la 17 litahudumiwa hadi Novemba 2029, na la 18, lililotoka Septemba 2025, hadi Novemba 2030. Jasho la kuhama ni lile lile, basi chukua lenye umri mrefu mbele yake. Usisakinishe 18.0 yenyewe, chukua rekebisho la karibuni kabisa la 18 utakalolikuta siku hiyo. Na Ubuntu 20.04 nayo iliacha kuhudumiwa kwa kawaida Mei 2025, kwa hiyo mashine ya zamani haina la kutetewa.

Kwa nini dampo

PostgreSQL, usipoiambia vinginevyo, haijui yenyewe neno lipi litangulie jingine. Huiuliza maktaba ya mfumo wa uendeshaji, glibc, na indeksi (orodha za kutafutia haraka) za safu za maneno hujengwa kwa kufuata jibu hilo. Maktaba ikibadilika, jibu hubadilika, lakini indeksi iliyoko diskini hubaki na mpangilio wa zamani. Badiliko kubwa lilikuja na glibc 2.28 mwaka 2018: kabla yake, kwa lugha ya `en_US.UTF-8`, `11` ilitangulia `1-1`; baada yake ikawa kinyume. Ubuntu 18.04 ina glibc 2.27, na 20.04 ina 2.31.

Kwa hiyo nina swali kwako: mashine hiyo ilianza na 20.04, au ilikuwa 18.04 ikapandishwa juu kwa juu data ikiwa ndani? Kama ilipandishwa na hakuna aliyeendesha `REINDEX`, amri ya kujenga indeksi upya, indeksi zako za maneno huenda ziliharibika siku ile ile bila mtu kujua. Maduka ya vifaa vya ujenzi ndiyo hasa huumia, kwa sababu misimbo ya bidhaa imejaa vistari: `MB-28-3M`, `MB-283`, `BT-4-2`. Karani anatafuta bati fulani, mfumo unasema halipo, naye analiandika upya. Sasa una rekodi mbili zenye msimbo mmoja kwenye safu uliyoiwekea `UNIQUE`, sharti la kutorudia, na hesabu ya ghala imegawanyika baina yake.

Hili lichunguze wiki mbili au tatu kabla, kwenye seva ya zamani, usiku kukiwa kimya:

```
CREATE EXTENSION amcheck;
SELECT c.relname, bt_index_check(c.oid, true)
FROM pg_index i
JOIN pg_class c ON c.oid = i.indexrelid
JOIN pg_am a ON a.oid = c.relam
WHERE a.amname = 'btree' AND c.relkind = 'i'
  AND c.relpersistence = 'p' AND i.indisvalid;
```

Indeksi mbovu itasimamisha ulizo kwa kosa lenye maneno `item order invariant violated`. Ikitokea, usikimbilie `REINDEX` kabla ya kutafuta rekodi pacha, tena uzitafute huku umeikataza seva kutumia indeksi, maana ndiyo hiyo hiyo inayodanganya:

```
SET enable_indexscan = off;
SET enable_indexonlyscan = off;
SET enable_bitmapscan = off;
SELECT msimbo, count(*) FROM bidhaa
GROUP BY msimbo HAVING count(*) > 1;
```

Pacha hao huunganishwa kwa mkono, na mwenye ghala akiwa pembeni, kwa sababu kompyuta haijui ni rekodi ipi iliyo na hesabu ya kweli. Ukiliruka hili, dampo litatoka vizuri, data itaingia vizuri, kisha karibu na usiku wa manane seva mpya itakuambia `could not create unique index "bidhaa_msimbo_key"`. Kosa ni sahihi. Wakati ndio mbaya.

Hapa ndipo dampo linapolipa. Kuanzia toleo la 17, PostgreSQL ina mpangilio wake wa ndani wa herufi usiotegemea glibc hata kidogo. Huchaguliwa hifadhidata inapoundwa, na `pg_upgrade` haiwezi kukubadilishia. Dampo linaweza, kwa sababu unaunda hifadhidata tupu unavyotaka kisha unamimina data ndani:

```
CREATE DATABASE duka TEMPLATE template0 ENCODING 'UTF8'
  LOCALE_PROVIDER builtin BUILTIN_LOCALE 'C.UTF-8';
```

Ukishafanya hivyo, siku Ubuntu itakapopandishwa tena, Malindi au Mokowe, indeksi zako za maneno hazitatikisika. Bei yake ni moja: mpangilio huu hufuata namba za herufi, hivyo herufi kubwa zote hutangulia ndogo. `Zahra` atakuja kabla ya `abdalla`. Orodha za wateja zinazochapishwa kwa majina utazirekebisha kwa `ORDER BY lower(jina)`, na kama orodha ni ndefu, weka indeksi juu ya `lower(jina)`. Mimi naiona ni bei ndogo.

Njia ulizozisikia kwa wengine

`pg_upgrade` ni chombo kizuri, na ya 18 ni bora kuliko zote zilizopita: inabeba takwimu za mpangaji wa maulizo, ambazo zamani hazikubebwa, seva mpya ikaamka nzito asubuhi ya kwanza. Inaweza kuruka kutoka 12 hadi 18 moja kwa moja. Lakini ina mitego miwili kwako. Mosi, inataka faili za data ziwe kwenye mashine ile ile, na mashine yako ni ya kuacha, ukizihamishia 24.04 kama faili, umerudi kwenye mkasa wa glibc. Pili, kuanzia 18 nguzo mpya, yaani folda nzima ya data ya seva, huwashwa ukaguzi wa kurasa bila kuulizwa, huku za zamani nyingi zikiwa hazina, na `pg_upgrade` hukataa pande mbili zisizofanana. Kuna dawa, `pg_checksums --enable` upande wa zamani seva ikiwa imezimwa, au `initdb --no-data-checksums` upande mpya. Dawa ya pili siipendi. Ukaguzi huo ndio unaokuambia diski imeanza kuoza kabla hujachelewa. Na wale wanaosifia `--link` kwa kasi yake huwa hawasemi kwamba ukishawasha seva mpya, ya zamani haikufai tena. `--swap` ya 18 ni kali zaidi: faili zikishaanza kuhamishwa, ya zamani ndiyo kwaheri.

Unakili wa kimantiki, yaani kupeleka mabadiliko rekodi kwa rekodi huku seva ya zamani ikiendelea kufanya kazi, ni wa wale wasioweza kufunga. Hauhamishi hesabu za sikwensi (vihesabio vya namba zinazofuatana), hauhamishi mabadiliko ya muundo wa majedwali, na kila jedwali lazima liwe na ufunguo wa msingi au `REPLICA IDENTITY`. Mtu akizisahau sikwensi, risiti ya kwanza ya Jumatatu hugonga `duplicate key value violates unique constraint`. Kwa duka lenye Jumapili nzima mkononi ni kazi ya bure.

Mazoezi kabla ya usiku wenyewe

Fanya uhamisho mzima angalau mara moja kwa majaribio, saa ikihesabu. Dampo lichukuliwe na `pg_dump` ya 18 iliyoko kwenye mashine mpya, ikiivuta data ya seva ya zamani kwa mtandao wa ndani. Usitumie ile ya 12. Ya 18 inajua kumwandikia 18.

```
pg_dumpall -h seva-kuukuu -U postgres --globals-only > watumiaji.sql
pg_dump -h seva-kuukuu -U postgres -Fd -j 4 -f /hifadhi/duka duka
psql -U postgres -f watumiaji.sql
pg_restore -U postgres -j 4 -d duka /hifadhi/duka 2> makosa.txt
```

Usiweke `-C` kwenye `pg_restore`, kwani itaunda hifadhidata kwa mpangilio wa zamani wa herufi na kazi yote ya juu itapotea. Kwa kutoiweka, hata hivyo, mipangilio iliyofungwa kwenye hifadhidata yenyewe haitakuja. Iangalie upande wa zamani kwa `\drds` ndani ya psql, na ruhusa zake kwa `\l`, uirudishe kwa mkono.

Dampo litakuwa dogo kuliko GB 60, usishtuke: limebanwa, na indeksi hazimo ndani, zimo amri za kuzijenga tu. Muda mwingi wa `pg_restore` huliwa na ujenzi huo. Kwa usiku ule pekee pandisha `maintenance_work_mem` hadi 1GB, ukikumbuka kwamba kazi 4 kwa pamoja zinaweza kuhitaji mara 4 ya hiyo au zaidi, na `max_wal_size` hadi 16GB. Mtandaoni utakuta ushauri wa kuzima `fsync`, inayohakikisha data imefika diskini, ili mambo yaende mbio. Usifanye. Umeme ukikatika `fsync` ikiwa imezimwa, huna hifadhidata, una faili tu. Iache ikiwa imewashwa, na mashine zote mbili pamoja na swichi ya mtandao ziwe kwenye UPS. Swichi ndiyo husahauliwa.

Baada ya kumimina, `vacuumdb -a --analyze-in-stages`, kwa kuwa dampo la kawaida halibebi takwimu. Kisha soma `makosa.txt` mstari kwa mstari. Kwa hifadhidata iliyokuwa kwenye 12, haya ndiyo ninayotarajia uyakute:

Indeksi iliyojengwa juu ya kazi yenu wenyewe itagoma. Mathalan mna kazi `namba_safi(simu)` inayogeuza 0722 kuwa 254722, na ndani yake inaita kazi nyingine bila kutaja skima, yaani fungu la hifadhidata, iliyomo. `pg_restore` huendesha kila kitu `search_path` (orodha ya skima za kutafutia) ikiwa tupu, hivyo kazi ya ndani haionekani na unapata `function ... does not exist`. Kuanzia 17 hata `REINDEX` na `REFRESH MATERIALIZED VIEW` hufuata ukali huo huo, kwa hiyo usilizibe kwa muda, lirekebishe kwenye seva ya zamani kabla ya dampo: `ALTER FUNCTION namba_safi(text) SET search_path = public;`. Mstari mmoja, na jambo limekwisha.

Kiendelezi cha `adminpack`, kama mtu aliwahi kutumia pgAdmin III, hakipo tena tangu 17. Kiondoe kwa `DROP EXTENSION adminpack;`. Opereta ya faktoria `!` na chache za zamani ziliondolewa katika 14. `plpython2u` haipo tangu 15.

Manenosiri nayo. Tangu 14, nenosiri jipya huhifadhiwa kwa SCRAM, njia imara kuliko ile ya zamani ya md5. Ya zamani yenye md5 yatakuja jinsi yalivyo. Kwenye `pg_hba.conf` ya 24.04, faili la nani aingie na kwa njia gani, utakuta `scram-sha-256`, na mtumiaji mwenye nenosiri la md5 atakataliwa hapo hata akiliandika sawasawa. Wapate kwa `SELECT rolname FROM pg_authid WHERE rolpassword LIKE 'md5%';` kisha uwawekee upya kwa `\password`. Toleo la 18 tayari linatoa onyo ukiweka la md5, kwa sababu litaondolewa, basi limalize sasa. Kagua pia programu ya kuuzia: dereva ya JDBC (kiunganishi cha programu za Java) iliyo chini ya 42.2.0 itasema `The authentication type 10 is not supported`, na hilo halitatuliwi kwenye seva, ni kupandisha dereva.

Programu zenu za Python, kama zipo, ziangalie penye `EXTRACT`. Tangu 14 hurudisha numeric badala ya nukta inayoelea, na Python itaipokea kama `Decimal`, ambayo haikubali kuzidishwa na `float`. Ripoti za umri wa madeni ndizo huanguka hapa.

Skima ya `public` ina utata wake mdogo. Tangu 15, hifadhidata mpya haimruhusu kila mtu kuunda majedwali ndani yake, lakini dampo huja na ruhusa za zamani. Kwa hiyo yenu itabaki wazi mpaka uifunge mwenyewe: `REVOKE CREATE ON SCHEMA public FROM PUBLIC;`.

Usiku wa Jumamosi

Saa 12 na nusu jioni, karani wa mwisho akishatoka, zima programu ya kuuzia na kazi zote za cron, zile zinazojiendesha kwa saa. Kwenye `pg_hba.conf` ya zamani weka mstari wa juu kabisa unaoruhusu `postgres` kutoka mashine mpya tu, na chini yake `host duka all all reject`. Pakia upya, kisha kata waliobaki kwa `pg_terminate_backend`. Watu hudhani kuzima programu kunatosha. Kuna kompyuta moja ya mhasibu yenye Excel iliyounganishwa moja kwa moja, huwa ipo.

Kuna na malipo ya M-Pesa. Mteja anaweza kulipa deni lake saa 4 usiku akiwa Shela, na taarifa ya malipo ikakuta mlango umefungwa. Usitegemee kwamba ujumbe utaletwa tena. Weka kipokezi kidogo kinachoandika kila taarifa kwenye faili na kujibu kwamba imepokelewa, uzimimine Jumapili. Kama huwezi kukiandika, pakua taarifa ya till siku ya Jumapili uilinganishe na kilichoingia.

Dampo, kumimina, `vacuumdb`. Kisha linganisha, wala usitosheke na hesabu ya rekodi. Endesha pande zote mbili jumla ya madeni ya wateja kwa kila tawi, jumla ya thamani ya ghala, na namba ya risiti ya mwisho. Zikifanana hadi senti, mwite mwenye duka aone. Ikitofautiana hata moja, unarudi seva ya zamani bila aibu: ondoa ule mstari wa `reject`, na Jumatatu duka linafunguka kama kawaida.

Mlango huo wa kurudi hujifunga risiti ya kwanza inapoandikwa kwenye 18. Baada ya hapo kurudi nyuma ni kupoteza mauzo. Kwa hiyo uamuzi ufanywe Jumapili alasiri, watu wakiwa na akili timamu, na si Jumatatu saa 1 foleni ikiwa kaunta. Seva ya zamani ibaki imewashwa lakini imefungwa, mpaka ripoti za mwisho wa mwezi zitoke na mhasibu azikubali.

Mokowe

Unakili wa mfululizo, unaoilisha replika yako, hautaki matoleo mawili tofauti: replika ya 12 haiwezi kumfuata mkuu wa 18. Lazima ijengwe upya, na hapo ndipo mtandao unapokuwa kikwazo. GB 60 kwenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde ni zaidi ya saa 13, laini isipotetereka hata mara moja, na `pg_basebackup` ikikatika haiendelei ilipoishia, huanza upya. Basi kutoka Malindi linapitia Garsen na Witu hadi Mokowe siku hiyo hiyo. Basi linashinda.

Chukua diski ya nje ya SSD, uifunge kwa usimbaji wa LUKS kwanza, kwa sababu ina majina, simu na madeni ya wateja, na Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 haijali kwamba ilipotelea kwenye buti la basi. Ndani yake weka ext4, wala si exFAT, ili ruhusa za faili zisipotee. Kisha, baada ya seva mpya kukubaliwa:

```
pg_basebackup -h localhost -U nakili -D /mnt/diski/lamu \
  -C -S lamu -X stream -R -P
```

`-C -S lamu` huunda sloti inayoiambia Malindi isifute logi yoyote ya WAL (kumbukumbu ya kila badiliko) ambayo Mokowe haijaipata. Diski ikiwa njiani, Malindi inaendelea kuuza na logi zinajikusanya. Diski ikifika, nakili faili kwenye `/var/lib/postgresql/18/main` iliyosafishwa, `chown -R postgres:postgres`, `chmod 700`, na kabla ya kuwasha endesha `pg_verifybackup`. Italinganisha kila faili na orodha iliyotengenezwa Malindi. Kama safari imeiumiza diski, utajua hapo.

Vitu vitatu hukwamisha watu hatua hii. `-R` imeandika anwani ya mkuu kama ulivyoiita, yaani `localhost`, basi fungua `postgresql.auto.conf` uweke anwani ya Malindi ya ndani ya VPN. Faili za mipangilio kwenye Ubuntu zinakaa `/etc/postgresql/18/main`, hazimo kwenye nakala, hivyo zihamishe kando. Na `max_connections`, `max_worker_processes` na wenzao wasiwe wadogo kuliko wa Malindi, la sivyo replika haitawaka. Mpaka hapo, ripoti za Mokowe zielekeze Malindi moja kwa moja hata kama ni za pole pole. Replika ya zamani itakuwa bado inajibu, na inajibu ghala la Jumamosi. Mtu atauza saruji isiyokuwepo.

Sasa jambo ambalo, kwangu mimi, peke yake lingetosha kumtoa mtu kwenye 12. Sloti hushikilia logi bila kikomo. Mokowe ikipotea hewani siku nyingi, diski ya Malindi hujaa, na mkuu huanguka kwa `No space left on device`. Ghala la mbali limezimika, na duka linalouza ndilo linalofungwa. Tangu 13 kuna `max_slot_wal_keep_size`, na kwa kawaida yake, -1, haina kikomo, kwa hiyo kuwa kwenye 18 bila kuiweka ni sawa na kutohama. Pima kwanza: andika `pg_current_wal_lsn()` asubuhi na jioni, utoe kwa `pg_wal_lsn_diff`. Tuseme ni GB 3 kwa siku na una GB 40 zilizo wazi. Weka `20GB`, una takriban siku 6. Zikipita, sloti inabatilishwa, `pg_replication_slots` itaonyesha `lost` kwenye `wal_status`, na diski itapanda basi tena. Afadhali hivyo.

Vipya vinavyokufaa

Orodha ya vipya baina ya 12 na 18 ni ndefu, vingi havikuhusu. Kusoma diski bila kusubiriana, `io_method`, tayari kumewashwa kwa `worker`, kuache. Indeksi yenu ya `(tawi, tarehe)` sasa itatumika hata kwa ulizo lenye tarehe peke yake, kwa sababu 18 inajua kuruka ruka kwenye safu ya kwanza, na matawi yako ni mawili tu. Huenda ukaweza kuifuta ile indeksi ya pili ya `tarehe`. Msimamizi wa bei atapenda `UPDATE bidhaa SET bei = 850 WHERE id = 41 RETURNING old.bei, new.bei`, inayompa bei ya kale na mpya kwa pigo moja. Kwa risiti zinazotengenezwa pande mbili, `uuidv7()` hutoa namba zisizogongana na zinazofuatana kwa wakati.

Nakala rudufu za nyongeza, za 17, zitakufaa zaidi ya hayo yote kwa laini yako. Washa `summarize_wal`, chukua nakala kamili Jumapili, na siku nyingine `pg_basebackup --incremental` pamoja na faili ya `backup_manifest` ya jana. Kinachosafiri usiku kwenda Mokowe ni vilivyobadilika tu. Muhtasari huhifadhiwa siku 10 kwa kawaida, wiki moja inaingia vizuri. Kurejesha ni kwa `pg_combinebackup`, ukiipa nakala kamili na kila nyongeza kwa mfuatano. Ikikosekana ya Jumatano, za Alhamisi na Ijumaa hazina kazi.

Kimoja nakuonya nacho. Safu zinazojikokotoa katika 18 huwa za kudhaniwa, hazihifadhiwi diskini, na kuna atakayekushauri uweke VAT hivyo, `bei * 0.16`, uokoe nafasi. Kiwango cha VAT Kenya kilishuka hadi asilimia 14 tarehe 1 Aprili 2020 na kurudi 16 tarehe 1 Januari 2021. Fomula kama hiyo ikibadilishwa, risiti zote za nyuma hubadilika nayo, na hazitalingana tena na zilizokwisha wasilishwa KRA. Kodi iliyotozwa iandikwe kwenye mstari wa risiti kama namba, pamoja na kiwango cha siku ile.